Bingwa wa Fedha Anaomba Nauli

Ukiona kijana amevaa suti mjini Migori saa saba mchana, jua la utosi, usikimbilie kumpa pole ya msiba. Huyo ana masta ya fedha na anatoka kupeleka barua ya kuomba kazi.

Digrii zimeshuka bei jamani. Mwaka 1959 mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa kule Rusinga, aliwasafirisha vijana 81 kwa ndege kwenda kusoma Marekani, na wengi waliorudi walikuta nchi changa ina viti vitupu vinavyowangoja. Leo Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina lake, Migori tunacho cha Rongo, na kila boma lina digrii ya biashara imetundikwa ukutani karibu na kalenda ya duka la dawa za mifugo. MBA nayo imezoeleka, siku hizi hata mwenyekiti wa kamati ya mazishi anayo. Ndipo yalipozuka majina marefu: masta ya fedha na uwekezaji, masta ya hisabati za fedha, masta ya usimamizi wa hatari. Jina likirefuka, karo nayo inarefuka.

Mpwa wangu ana digrii ya biashara, ana masta ya fedha, na ana deni la HELB, mkopo wa masomo. Katika vyote vitatu, kinachompigia simu ni deni tu.

Tulichanga kama familia. Dada yangu aliuza ndama, nami pesa zangu za mabati zikageuka karo. Jikoni kwangu kunavuja hadi leo. Tuliambiwa shahada hiyo ndiyo mlango wa kuingilia ulimwengu wa fedha. Mlango upo kweli, ila uko Upper Hill na Westlands, Nairobi. Ingia tawi lolote la benki huku kwetu: utamkuta keshia, afisa wa mikopo, meneja anayehangaikia idadi ya akaunti mpya, na askari mlangoni. Wale wa kupima hatari, kuchambua hisa na kununua dhamana za serikali wako makao makuu. Tawi hupokea fomu na kuzituma.

Kule London na New York masta ya namna hii ina mantiki yake. Benki kubwa huwafuata wanafunzi chuoni kabla hawajamaliza, huwachukua kwa mafunzo ya kazi wakati wa likizo, na anayewaridhisha huajiriwa. Mwanafunzi pale ananunua kujuana, na anapewa risiti. Sisi tumeiga karo, benki tukaziacha hukohuko.

Halafu kuna tasnifu. Hapa Kenya tasnifu za fedha ni ndugu wa tumbo moja: athari ya kitu fulani kwa utendaji wa kifedha wa sacco katika kaunti fulani. Badilisha kaunti, umepata tasnifu mpya. Mpwa wangu alichagua mikopo ya wafanyabiashara wadogo, akaniomba nimsindikize Homa Bay kwa wauzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nauli, bila shaka, ni yangu.

Tulimkuta mama mmoja akigeuza omena zilizoanikwa juu ya wavu, gorogoro la kupimia pembeni, simu imebanwa shingoni. Kijana akafungua hojaji: "Mama, je, unakubali kabisa, unakubali, huna hakika, hukubali, au hukubali kabisa, kwamba upatikanaji wa mikopo huathiri utendaji wako?"

Mama akamtazama. "Mwanangu, unanunua omena au hununui?"

Alipoona tumesimama tu, alitusomesha bila karo. Yeye huwakopesha wenye boti pesa za nyavu na mafuta ya taa, nao humlipa kwa omena. Kabla hajatoa shilingi huuliza boti ni ya nani, wiki iliyopita ilirudi na karai ngapi, na mwenyewe ana deni kwa nani mwingine. Mwezi ukiwa mpevu hakopeshi, kwa sababu mwanga ukitapakaa ziwani taa za wavuvi hazivuti omena na boti hurudi tupu. Mpwa wangu alikuwa na jedwali zima la vihatarishi kwenye laptopu, lakini mwezi haukuwemo.

Kisha mama akamgeukia kijana: "Na hii masta ukiimaliza, ni nani atakulipa?"

Hojaji haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Aliimaliza, tukapiga picha, tukaanza kusoma matangazo ya kazi. Kaunti ikitaka mtu wa fedha, kwanza inadai vyeti vya Sura ya Sita ya katiba, ile ya uadilifu: cha kodi cha KRA, cha mkopo wa masomo cha HELB, cha ufisadi cha EACC, cha upelelezi cha DCI na cha madeni cha CRB. Yaani mtu asiye na kazi athibitishe kwamba hajashindwa kulipa madeni, ilhali ameshindwa kwa sababu hana kazi. Baada ya hapo ndipo unafika mstari unaouma: awe na CPA, cheti cha uhasibu. Masta, hata iwe ya chuo gani, haimruhusu mtu kutia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Ruhusa hiyo hutolewa na ICPAK, chama cha wahasibu, na mtihani wa CPA ni wa KASNEB, bodi ya mitihani. Binti wa jirani yangu aliusomea jioni, mchana akiuza vocha na kutoa pesa kwa simu. Leo ni mhasibu wa sacco, na mpwa wangu humwandikia barua akimwita "Mheshimiwa Bi".

Sisemi masta ni bure. Aliyeko ndani ya benki akiiongeza, hupanda cheo. Aliyeko nje akiiongeza, anabaki nje, ila sasa anaeleza kitaalamu kwa nini yuko nje.

Juzi dada yangu alinipigia: kijana sasa anataka kufanya CPA, je, nitachangia kiasi gani? Nikamwambia amlete nyumbani, jioni, kabla ndama mwingine hajaguswa. Nataka kujua ni mitihani mingapi, nani aliyefaulu mwaka jana yuko wapi sasa, na nani atamlipa. Safari hii hojaji ninayo mimi, na "huna hakika" nimeifuta.