Namna ya Kufilisika kwa Mizunguko 8,250

Watu wengi hufilisika kizembe. Wanatia hela kwenye kilimo cha matikiti pasipo na maji, au wanamkopesha shemeji. Mwaka unakatika, hela hakuna, na hata kishindo chake hawakukisikia. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kufilisika mtaa mzima ukimsikia, na chombo kinachofaa kwa kazi hiyo ni BMW M5 ya umbo la E60, iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010.

Kwanza inunue. Hapo hakuna kazi. Ilipoingia sokoni Marekani iliuzwa kwa zaidi ya dola 80,000; leo iliyotembea sana hupatikana kwa robo ya bei hiyo, pengine na pungufu. Usiulize kwa nini. Dalali atakwambia mwenye gari anasafiri, na ni kweli anasafiri: siku hizi anapanda daladala. Ushuru bandarini utapanda kwa sababu ya ukubwa wa injini na uzee wa gari, lakini hayo ni maji ya kunawa tu, chakula chenyewe bado.

Unachonunua hasa ni injini. Silinda 10, lita 5, nguvu za farasi 507, na mizunguko inayofika 8,250 kwa dakika. BMW waliiunda enzi zile walipokuwa wakiwapa Williams injini za V10 za Formula 1. Injini za mashindano zilikuwa zikifunguliwa na mafundi waliovaa glavu baada ya mbio moja au mbili. Yako itafunguliwa kwenye gereji ya Gerezani, juu ya turubai. Ukiwasha, gari linakupa farasi 400 tu. Waliobaki wanaitwa kwa kitufe. Kibonyeze. Farasi wote umewalipia.

Sasa tuje kwenye beringi za konrodi, maana mtaji wako utalala hapo. Kila konrodi hushika kranki kwa vipande viwili vya beringi, vyembamba, vilivyopindwa nusu duara. Konrodi 10, vipande 20. Kati ya kipande na kranki inaachwa nafasi ndogo ili oili ipite, na kwenye injini hii nafasi hiyo imebanwa mno, ilhali oili iliyoagizwa na kiwanda ni nzito, 10W-60. Ikiwa ya baridi inapita kwa taabu. Ndiyo sababu mita ya mizunguko ina taa zinazokuonyesha mwisho wa kukanyaga: injini ikiwa ya baridi mwisho huo uko chini, na unapanda kadiri oili inavyopata moto. Ni ombi la heshima kabisa, gari linasema subiri kidogo.

Wewe usisubiri. Saa kumi na mbili asubuhi washa, kanyaga hadi chini, majirani wajue umeamka. Vipande vile vitalika kidogo kidogo, ngozi yake ya juu itatoka, shaba itachungulia, na siku moja utasikia kitu kinagonga chini, ko-ko-ko, kikiharakisha kila ukikanyaga. Fundi atazima injini, atapangusa mikono kwa tambara, na atakaa kimya kidogo kabla ya kusema: "Bosi, imenoki."

Wapo waoga ambao hubadilisha beringi kabla hazijalia, gari likikaribia kilomita 100,000 au hata mapema zaidi. Kazi yenyewe hufanywa kwa chini: injini inaning'inizwa, fremu ya mbele inashushwa, sampo inafunguliwa, na bolti za konrodi zinafungwa mpya. Gereji za Ulaya na Marekani hutoza kati ya dola 2,500 na 4,000 hivi. Usiige. Ukijikaza mpaka inoki utadaiwa injini nzima, dola 15,000 na kwenda mbele, na hapo utakuwa umenunua gari mara mbili bila kupata la pili.

Oili ni lita tisa na ushee kila unapomwaga, na injini nzima kabisa bado itataka kuongezwa njiani. Atatokea mtu wa kukuuzia ya bei poa kutoka kwenye pipa. Mshukuru sana.

Gia nazo zina mchango wake. Mfumo unaitwa SMG, gia saba, klachi moja, pedali ya klachi hakuna. Pampu ya haidroliki ndiyo inayokukanyagia. Kwenye barabara kuu ni raha tupu. Kwenye foleni, gari likisogea hatua mbili na kusimama, klachi inaungua kimyakimya huku pampu ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, mpaka siku inagoma. Kwenye dashibodi inatokea alama nyekundu ya gia, na gari linabaki hapohapo, nyuma yako bajaji zinapiga honi. Pampu mpya huzidi dola 2,500, klachi na flaiwili haziko mbali na hapo. Wamarekani walidai gia za mkono wakaanza kupewa za gia sita. Lako limetoka Japani au Uingereza, hivyo foleni ya Mbagala inakusubiri na SMG yako.

Kuna pia mota mbili ndogo zinazofungua hewa iingie kwenye silinda, moja kwa kila upande. Ndani yake mna gia za plastiki. Ndiyo, plastiki. Zikichoka, dashibodi inakujulisha kwamba nguvu imepunguzwa, nawe unapitwa na IST mlimani. Fundi asiye na kompyuta atasema ni sensa. Mwache abadilishe sensa tatu kwanza, kisha mnunue mota. Matairi ya nyuma ni 285/35 ya inchi 19, na mashimo ya barabarani yanayapenda sana. Mafuta? Kiwanda chenyewe kilitaja lita 22.7 kwa kilomita 100 za mjini, na tangi ni la lita 70. Utazoeana na vijana wote wa sheli.

Ukishafika mwisho, liuze. Futa makosa yote kwenye kompyuta asubuhi, pasha injini moto kabla mnunuzi hajafika, na usisahau kusema unasafiri. Atakuja na fundi wake. Fundi akifungua boneti akaanza kutafuta kijiti cha kupimia oili, ongeza bei palepale, kwa sababu injini hii haina kijiti, oili inasomwa kwenye dashibodi. Akija na laptopu na kuuliza risiti ya beringi, mwambie gari limeshauzwa jana.