Barua ya Wazi kwa Wataalamu wa Ziwa Viktoria

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi. Mwishoni mwa 2022, ngege wa vizimba walipokufa kwa wingi upande wa Kisumu na kuelea matumbo juu, maelezo hayakukawia: oksijeni majini ilikuwa imepungua. Wenye vizimba walikuwa wameshashuku kwamba samaki wao hawapumui. Kwamba upepo ukichafua ziwa maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu, na samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia, mlilijua zamani. Mmelichapisha pia, kwa Kiingereza, katika majarida ya kulipiwa kwa dola.

Kwa hiyo tunaomba muwafundishe ngege Kiingereza. Masomo ya jioni yatafaa, baada ya chakula, humo humo vizimbani, maana mahudhurio ni ya hakika. Muhula wa kwanza wasome ikisiri, wa pili majedwali, wa tatu watofautishe "huenda" ya adabu na "huenda" ya hatari. Watakaofaulu wapewe cheti, posho ya warsha na, bajeti ikiruhusu, ufunguo wa kizimba. Bango la Kidholuo pale ufuo wa Dunga, Kisumu, nalo si baya.

Mtasema sayansi haitaji siku wala saa, na onyo lisilotimia huwapotezea imani. Sawa, lakini hata mvuvi akiona wingu jeusi huwaambia wenzake, na lisiponyesha hakuna anayemwita mwongo. Mtasema kuamua ni kazi ya serikali. Sawa, lakini kuonya ni kazi yenu. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer alipinga waziwazi mpango wa kuleta mbuta, mla samaki wenzake, ziwani, tena katika jarida la kilimo la hapa hapa Afrika Mashariki. Hakusikilizwa, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwa hili, zilikuwa zimetoweka. Kupuuzwa kwake ni aibu ya waliompuuza. Ninyi mkinyamaza, aibu tuiandike kwa jina la nani?

Maana Ghuba ya Winam, hapo Kisumu, ikigeuka kijani kwa mwani, mnajua kwamba mwani huo huweza kutoa sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha maji. Mama anayeteka ufuoni amefunzwa na kila kampeni ya kipindupindu: chemsha. Anachemsha, anapoza, anampa mtoto. Kumwacha aiamini sufuria huku mkijua mnayoyajua ni ukatili, hata ukipambwa kwa marejeo ya kurasa nne.

Mtuwie radhi, sauti imepanda. Tunangoja mwaliko wa warsha ijayo. Ngege watatuma wajumbe, wakiwepo.

Wenu,
Wanywa maji ya Winam