Msajili Yupo Mlangoni mwa Kifodi

Anayefungua duka Arusha huanza na mtihani wa jina, na wapo wanaouhangaikia kuliko walivyohangaikia mtaji. Ndugu huitwa kikao, majina ya watoto hukatwakatwa na kuungwa upya mpaka litoke neno linalofanana na dawa ya minyoo. Anayewinda watalii huchukua mlima mmoja, mnyama mmoja na neno la Kiingereza, akakoroga. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500 na shughuli zake nyingine, umebebeshwa saluni, gereji na bucha. Mimi nashikilia kwamba jasho lote hilo ni hasara, kwa sababu jina linaloishi mjini hapa halitolewi na mwenye mali. Hutolewa na mtu anayetaka kushuka.

Msikilize konda wa kifodi, daladala ya hapa kwetu. Hasomi bango la mtu. Anaita Kwa Mrefu, Kwa Mrombo, Sakina kwa Iddi, maana abiria anataka kujua atakanyaga wapi, hana haja na maono ya mwenye duka. Kwenye barabara ya Moshi, baada ya Usa River, kuna Maji ya Chai, jina lililotokana na rangi ya maji ya mto, na hakuna mtaalamu wa masoko aliyelipwa hata senti. Unga Limited ndiyo kali zaidi: kiwanda cha kusaga nafaka kiliipa kata nzima jina lake pamoja na mkia wa kisheria, kwa hiyo wapo raia wanaozaliwa, wanaooa na kulea wajukuu ndani ya dhima yenye ukomo. (Wakopeshaji wa mtaani, kwa bahati mbaya, hawautambui ukomo huo.) Jiji lenyewe halikupona: machalii waliliita Chuga bila kusubiri kikao cha madiwani. Hata TANU, chama kilichokuwa na dola mkononi, mwaka 1967 kilitoa waraka wenye jina refu lililotaja siasa ya chama, Ujamaa na Kujitegemea. Wananchi wakabakiza Azimio la Arusha, yaani jambo na mahali lilipoamuliwa. Kama Mwalimu Nyerere alikatiwa jina, muuza vitenge wa soko la Kilombero anategemea nini?

Mbishi atanirushia Tanzanite. Jiwe lile lilijulikana Merelani mwaka huohuo wa 1967, na wanasayansi walikuwa na jina lake tayari, zoisite, la kumuenzi mwungwana mmoja wa Ulaya aitwaye Zois. Tiffany wa New York waliona jina hilo, kwa sikio la Kiingereza, linakaribia mno neno la kujiua, jambo lisilosaidia kuuza pete ya uchumba. Mwaka 1968 wakalitangaza kwa jina tunalolijua. Basi, atasema, jina la kuchaguliwa linashika! Linashika, nakubali, lakini tazama walichochagua: walitaja linakotoka. Tiffany, pamoja na vioo vyao vyote, walifanya kazi ya konda.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Brela, wasajili wa biashara, wanataka jina, na likifanana na la mwingine wanalikataa. Sina ugomvi nao. Asiye na cheti atahangaika benki. Ila cheti hulinda jina dhidi ya mshindani, hakilindi dhidi ya mteja, ambaye kwenye simu yake keshakuandika Mama Viatu Kilombero na hatafuta. Na siku ya kulipa mambo huharibika kabisa. Mteja amesimama chini ya bango la Kiingereza lenye simba wawili, anaingiza namba, simu inamletea jina la mwanamume asiyemfahamu, kumbe ni la shemeji aliyesajili laini. Anasita. Muuzaji anaapa kwamba shemeji ni mtu mwema, foleni inarefuka, na bango halina la kusema.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi wa mabango, jina lipelekwe stendi, konda alipigie kelele gari likiwa linaondoka. Likimtoka kwa pumzi moja, lisajiliwe. Akiuliza, “Ni pale karibu na mashine ya kusaga?” basi lisajiliwe hilo la mashine, kama Brela hawajampa mwingine.