Sahani ya Plau Nyuma ya Genge

Mashindano ya kulenga chuma hapa Mkonze, Dodoma, hayana tiketi wala jezi, na hayajawahi kuanza saa iliyotajwa. Yanachezwa Jumapili jioni, watu wakishatoka ibadani na kula, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya genge la nyanya. Mwenye kiwanja yuko Dar es Salaam. Tunamwombea afya njema na asipate hela ya msingi. Shabaha zinaning'inia kwenye tawi la mgunga: rimu ya gari, mfuniko wa pipa, na katikati sahani ya plau la trekta iliyostaafu kilimo. Ukiipiga inalia. Ukiikosa wanalia watazamaji, kwa kicheko.

Niseme mapema kwamba hakuna bunduki. Silaha ya moto nchini ni kwa leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mimi ni mhasibu, sina adui wa hadhi hiyo. Tunapiga kwa manati. Hata kipande cha reli hakikubaliwi kuwa shabaha, ingawa kingelia vizuri. Hatutaki kuitwa wahujumu uchumi kwa ajili ya mchezo.

Nilipokuwa mgeni nilijaribu kuonyesha kwamba nimesoma. Nikawasimulia habari za Steel Challenge, mashindano yaliyoanzia California mwaka 1981. Mpigaji anasimama mbele ya sahani tano za chuma, anazifyatulia bastola upesi awezavyo, na sahani ya mwisho ndiyo inayosimamisha saa. Kila sahani aliyoikosa anaongezewa sekunde tatu. Kwa kawaida anarudia mara tano, kisha mzunguko wake mbovu kuliko yote unafutwa. Hapo kwenye kufutiwa ndipo nilipokuwa nikielekea. Nikapendekeza na sisi tuwe na huruma hiyo.

Babu wa jirani, ambaye ni mwamuzi kwa sababu kigoda ni chake, alinitazama kwa muda. "Na ndege waliokwisha kula uwele, hao nao tunawafuta?"

Hoja ikafa palepale, na kikao hakikuiandikia hata muhtasari.

Ilibidi nikae miezi ndipo nielewe uzito wa swali lile. Nyanda hizi zina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe inakuja kwa kujisikia. Kwa hiyo watu wanalima uwele na mtama, mazao yanayovumilia kiu. Ubaya wake ni kwamba suke liko wazi juu, halina ganda la kulisitiri kama hindi, na kwelea kwelea wanalijua hilo kuliko bwana shamba. Mmoja anakula karibu gramu 10 kwa siku, kiasi ambacho hata mimi ningemwandikia kuwa sadaka. Ila kwelea kwelea haji mmoja. Wakitua milioni, ni tani 10 kila siku, bila risiti. Kwenye makundi makubwa serikali hutuma ndege kunyunyiza sumu. Shambani kwa mtu, kazi ni ya aliye juu ya dungu, na mara nyingi aliye juu ya dungu ni mtoto. Alfajiri kabla ya shule na jioni baada ya shule anawinga kwa kelele, makopo, manati na kombeo. Kufikia umri wa kuvaa suruali ndefu, amekwisha kurusha mawe mengi kuliko vocha za malipo nilizosaini maisha yangu yote.

Sisi wageni tulikuja na makao makuu ya serikali. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, kasi ya kuhama ikaja mwaka 2016, na muda wote huo katikati watoto wa Mkonze walikuwa mazoezini.

Basi unaanzaje? Unaanza kwa kutafuta manati, na hapo ndipo nyumba inapoingia hasara. Panda nilikata la mwarobaini, kwa sababu ndio mti uliokuwa uani. Mpira nilipewa na fundi wa pancha, kipande cha tyubu ya bodaboda, ambacho kijana wa jirani alikivuta mara moja na kukirudisha kwa vidole viwili. Akasema, "Shikamoo baba. Huu ni wa kufungia mizigo." Akaniletea mwingine laini. Ikabaki ngozi ya kuwekea jiwe. Wataalamu walikubaliana kwamba hakuna ngozi inayoshinda ulimi wa kiatu cha zamani, na kijana akajitolea kuitafuta. Aliitafuta mlangoni kwangu. Kiatu alichokiona cha zamani ndicho nilichokuwa nakitegemea kazini, na Jumatatu nilisoma taarifa ya robo mwaka mbele ya wakubwa huku kamba za kiatu cha kushoto zikiwa zimelala juu ya soksi. Manati, lazima nikiri, ilitoka nzuri sana.

Mama watoto alitoa baraka kwa sharti la miwani ya kukinga macho. Sharti la haki kabisa. Miwani iliyopatikana mtaani ilikuwa ya fundi wa kuchomea mageti, ambayo ukiivaa saa kumi jioni ya Dodoma unahamia usiku wa manane. Nikasimama mstarini, nikavuta, nikaachia. Ting'! Nikanyanyua mikono juu, nikageuka kuwasalimu watu. Kimya. Kuvua miwani, naona sufuria ya mama wa mihogo imeinama upande, na mwenyewe amenishikia kiuno. Hakunigombeza. Alifunga mihogo yote iliyobaki kwenye gazeti, akanikabidhi pamoja na hesabu. Nyumbani tulikula mihogo hadi watoto wakaanza kuulizia ugali wa mtama kwa mapenzi.

Kuna somo la chuma pia, na hili halikunihusu, nashukuru. Sahani ya plau ina bonde upande mmoja. Vijana wawili, wageni kama mimi, waliitundika bonde likituelekea, kwa sababu lilionekana pana. Jiwe la kwanza lililoingia lilizunguka ndani ya lile bonde na kurudi kwa mwenyewe, likapitiliza, likagonga helmeti ya dereva wa bodaboda aliyekuwa anatazama. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuvaa helmeti Jumapili, na alikuwa ameivaa kwa baridi. Tangu siku hiyo mgongo wa sahani ndio unaotutazama, na imeinamishwa kidogo mbele ili jiwe likigonga lishuke chini. Mstari nao ulisogezwa nyuma, na hakuna anayevuka kwenda kuokota mawe mpaka babu aseme.

Babu mwenyewe hashiki manati. Yeye ni wa kombeo. Akiinuka kwenye kigoda na kuanza kulizungusha juu ya kichwa, watu wote, wakiwemo watumishi wa umma wa daraja la juu, wanalala kifudifudi bila kuelekezwa. Sahani inalia, babu anarudi kukaa, nasi tunajipangusa vumbi na kuendelea.

Matokeo yangu sitayachapisha. Niseme tu kwamba kila anayenishinda huniamkia kwanza, na shikamoo ya mtu aliyetoka kukushinda ina ladha yake.

Msimu huu nusura tuipoteze sahani yenyewe. Alipita mnunuzi wa skrepa na baiskeli yake, kipaza sauti kikiimba betri mbovu na masufuria yaliyotoboka, na mkamwana wa babu, ambaye sahani ni mali yake kihalali, akamsimamisha. Ana ada ya shule ya kulipa, nani angembishia? Babu akaweka sharti moja: anayetaka kuinunua aipige kwanza. Mnunuzi akaegesha baiskeli, akaazima manati yangu, akaisifu ngozi yake. Ting'. Akarudia, ting'. Ya tatu akaipiga huku akiongea na mkamwana kuhusu bei.

"Ina ufa," akasema. "Mnausikia? Sauti haifiki mwisho. Siwezi kutoa bei ya chuma kizima."

Tumeigonga sahani ile mwaka mzima, hakuna aliyeusikia. Babu akainuka, akapitisha kidole nyuma ya sahani, akaukuta. Tukakaa kikao cha dharura chini ya mgunga na kuchangishana tuipite bei ya mnunuzi, ambayo kwa bahati ilikuwa imeshuka kwa sababu ya ule ufa. Pesa nilizihesabu mimi, kwa kuwa ni mweka hazina, cheo nilichopita bila kupingwa. Mkamwana akazihesabu tena mbele yangu, akaondoka ameridhika. Mnunuzi akauliza Jumapili tunaanza saa ngapi. Babu amempanga kupiga wa pili. Mimi nimesogezwa hadi baada ya mama wa mihogo, ambaye naye ameamua kuanza.