Sifa za Ulandanishaji

Katika kazi zote za karakana za vyuma, hakuna iliyokosa wa kuisifu kama ulandanishaji, yaani ile hatua ya kuiarifu mashine ya kupimia kwa viwianishi kipande kimekaa wapi na kimeelekea upande gani, hatua ambayo mafundi huilaani kila asubuhi ilhali ndiyo inayoipa mashine hiyo ya fahari adabu ya mgeni anayeuliza kibla kabla ya kutandika msala. Mashine yenyewe, pamoja na meza yake ya jiwe zito na chumba chake kinachotunzwa katika nyuzijoto 20 mithili ya mtoto mchanga, haijui lolote. Kihisi chake cha mguso, chombo alichokibuni David McMurtry mapema katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mabomba ya injini za ndege ya Concorde, hujua tu kwamba kimegusa kitu.

Chochote kilicholala mezani kina uhuru wa aina 6, kwa kuwa chaweza kusogea kufuata mihimili mitatu na kuuzunguka kila mmojawapo, na ulandanishaji huunyang'anya uhuru huo kwa utaratibu ambao watawala wengi wangeuonea wivu: nukta 3 za uso mpana huondoa aina 3, nukta 2 za ubavuni huondoa 2, na nukta 1 iliyobaki huondoa ya mwisho, ndipo kipande kikose pa kukimbilia.

Ukarimu wake nao ni wa kupigiwa mfano. Fundi akizigusa zile nukta 2 za ubavuni zikiwa zimeachana milimita 10 tu, na juu ya mojawapo pamenata uchafu wenye unene wa sehemu moja ya mia ya milimita, ambao jicho haliuoni na kitambaa kimeupita, ulandanishaji hautaudharau, bali utaukuza kadiri mstari unavyorefuka, hata tundu lililo umbali wa milimita 200 lisomeke kuwa limekosea kwa milimita 0.2, na kwa kuwa hauna upendeleo, kila tundu litapata fungu lake, na ripoti itachapwa safi, yenye tarakimu nne baada ya nukta.

Lakini uzuri wake kamili huonekana kwenye bati la mlango wa gari, lililopinda kote. Hapo, ili mashine iguse nukta sahihi, sharti bati liwe limekwisha kulandanishwa, na ili lilandanishwe, sharti nukta sahihi ziguswe. Wanafalsafa wangekesha wakibishana. Ulandanishaji hubahatisha, ukagusa, ukajisahihisha, ukagusa tena, mpaka tofauti ipungue chini ya kikomo alichokiweka fundi, au mpaka kijiti chenye kijipira cha yakuti kivunjike kwa kugonga mahali ambapo, kwa mujibu wa programu, hapakuwa na kitu. Muda wote huo haujitetei wala haulaumiwi: ripoti ikionyesha matundu yamekwenda upande, anayeitwa ofisini kujieleza ni aliyeyatoboa.