Sifa za Kitalu Nyumba Kisicho na Moto

Wengine huwasifu marais, wengine timu zao za mpira. Mimi nakisifu kitalu nyumba kisicho na moto: kile kibanda cha kioo kisimamacho nyuma ya nyumba za Waingereza, bila hita wala bomba la maji moto, ambamo watu wenye akili timamu hupanda bogenvilia, asumini na pasheni, kisha wakaenda kulala.

Tuanze na nasaba, kwa maana hakikuokotwa. Huko Chatsworth, Derbyshire, Joseph Paxton, mtunza bustani ambaye baadaye alibuni jumba la Crystal Palace la mwaka 1851, alimjengea Duke wa Devonshire jumba la kioo lililopashwa moto kwa matanuri 8 ya makaa ya mawe. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, makaa yakaadimika, mimea ya nchi za joto ikafa, na mwaka 1920 jumba likabomolewa. Watu huusimulia mkasa huo kwa huzuni. Mimi naona jumba lile lilipanda cheo: siku moto ulipozimwa, likawa kitalu nyumba kisicho na moto, na kazi yake likaifanya barabara. Vya siku hizi vimeendelea zaidi. Havingoji vita, vinaua kila Januari, nchi ikiwa na amani.

Sifa ya pili ni ukarimu wa ahadi. Adhuhuri ya Februari, jua likitoka kidogo tu, kioo hulinasa joto mpaka asumini ikaamini imefika Tanga, ikatoa machipukizi. Usiku ukiingia bila wingu hata moja, joto lile hupaa lote, na alfajiri ndani huwa kumeizidi nje kwa nyuzi chache tu. Machipukizi yameshakuwa meusi. Mwanasiasa gani awezaye kuahidi na kutangua ndani ya saa 24, tena bila kufungua mdomo?

Tatu, hakijui upendeleo. Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kimeipanga mimea kwa uvumilivu wake, kutoka H1 ya wadekezwa hadi H7 ya majabari. Kibanda kisichopashwa moto kinafaa mimea ya H3, ile ihimiliyo hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Mitambaazi ya kwetu iko H1 na H2, yaani haimo kwenye orodha ya walioalikwa. Kitalu nyumba hakimfukuzi mtu mlangoni. Huwapokea wote Mei, huwaacha wapande nyaya hadi darini, wachanue, wapigwe picha. Hesabu hufanywa baadaye.

Wala hakibagui wageni wadogo. Kiangazi, hewa ikikauka, utitiri mwekundu hupata malazi chini ya majani. Vuli, unyevu ukituama, ukungu wa kijivu huchukua zamu. Ukifungua madirisha kuufukuza ukungu, unaikaribisha baridi. Ukiyafunga kuizuia baridi, ukungu unakushukuru. Kwa hiyo mwenye kitalu nyumba hana nafasi ya kuchoka na maisha. Jioni anayazungushia mashina plastiki ya mapovu, asubuhi anayavua yapate hewa, na bogenvilia, ambayo majira ya baridi haitaki maji wala maongezi, anaitazama imepukutisha majani yote, akibaki kukisia kama imelala au imekufa. Jibu hutolewa Aprili.

Lakini fahari yake kuu ni kuwapa hadhi wanyonge. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakuifikiria Thunbergia alata, kile kitambaazi cha maua ya rangi ya chungwa yenye jicho jeusi. Kwao Afrika Mashariki hupanda ua wa mtu bila hodi, na hufyekwa pamoja na magugu mengine. Ugenini hununuliwa kwa pauni, hupewa chungu, mbolea ya maji kila wiki na kijiti cha kuegemea, na usiku wa jalidi mtu mzima hutoka na tochi, amevaa koti juu ya pajama, kwenda kulifunika gugu shuka. Chini ya kioo kilichopashwa moto lingeishi tu, na asingelijali mtu. Hatari ndiyo iliyolipa heshima.

Kwa hiyo anayetaka kukiwekea hita na ajizuie, maana kibanda hiki kinalishika pia jukumu la kitaifa. Serikali ya Uingereza iliwahi kutoza kodi ya kioo, ikaifuta mwaka 1845. Kitalu nyumba kisicho na moto kiliona haifai watu wakae na vioo bure, kikaendelea kutoza chenyewe kila majira ya baridi, kwa miche, bila risiti. Mlipaji mwema halalamiki. Jalidi ya mwisho ikipita, huenda dukani akanunua bogenvilia mbili: moja yake, moja ya ushuru.