Popo wa Ijumaa

Pasteli za mafuta zilitolewa Japani na kampuni ya Sakura mwaka 1925, na mwanzoni ziliuzwa za aina mbili: ngumu za kiangazi na laini za wakati wa baridi. Wajapani wale waungwana hawakuwa na habari ya kaskazi ya Pemba. Zangu, naapa, ni za baridi. Ikifika saa sita mchana hapa barazani Chake Chake, ambapo huwafundisha watoto wa mtaani kuchora, kijiti cha buluu kinalegea kama haluwa ya Wete, na kuna mdogo mmoja tayari ameshakionja.

Mchezo wanaoupenda ni wa kukwaruza. Unapaka rangi kali karatasi nzima, unazifunika zote kwa nyeusi, kisha unachora kwa chelewa. Nyeusi inabanduka na rangi za chini zinachungulia. Ni jambo la ajabu kwa kweli, hata watu wazima husimama kutazama. Tabu ni kwamba chelewa hutoka kwenye mafagio, na mafagio ya mtaa huu sasa yamekonda, kina mama wananiangalia vibaya.

Lakini balaa lenyewe ni mafuta. Rangi hizi hukandwa kwa nta na mafuta yasiyokauka. Hayakauki leo, wala Idi ijayo. Na sisi ni watu wa nguo nyeupe.

Kijana mmoja alichora popo wa Kidike, hapa hapa Pemba, mbawa nyeusi tii, akaibandika picha ukutani kwao, barazani. Ijumaa babake akatoka kuoga, kanzu inametameta, akakaa akaegemea ukuta kumngojea jirani. Msikitini, safu iliyokuwa nyuma yake ilipata mtihani mzito wa kuinamisha macho. Walionisimulia wanasema popo alitoka vizuri zaidi mgongoni kuliko karatasini.

Mkewe alikimbilia pasi. Msifanye hivyo, jamani! Nta ikayeyuka, popo akanenepa.

Jioni yule bwana alikuja na kanzu mkononi.

"Maalim, rangi yako hii inakauka lini?"

"Haikauki, kaka."

Akaigeuza kanzu, akaitazama. "Kwa hiyo huyu ndiyo kashahamia?"

Mikono ya watoto haina shida: mafuta ya nazi kidogo, unasugua, kisha sabuni ya mche. Nguo ndiyo kazi. Kwanza kwangua nta kwa mgongo wa kisu, ndipo ufue. Siku hizi kila mwanafunzi wangu huja amevaa fulana kuukuu ya kaka yake, na picha hazitoki barazani bila kufunikwa karatasi nyingine juu.

Popo wangali wanachorwa, kwa hiyo nyeusi zimekwisha na nyeupe hazijaguswa. Anayevuka kutoka Unguja, tafadhali aniletee nyeusi. Nyeupe ninazo tele, anayezitaka apite achukue bure.